Hodi ya Oiva

Jumatatu, 24 Aprili

Theluji ya paani inayeyuka. Tone, tone, tone, mbele ya dirisha langu. Nimekaa na kahawa ya pili nikivitazama vijiji vikiamka — si kwa macho, kwa namba. Dirisha jeusi la kompyuta, maandishi ya kijani, na mimi naandika amri fupi, kisha naletewa jibu mstari kwa mstari. Kwanza huamka wenye ng'ombe. Kisha shule. Kisha wastaafu na magazeti yao. Data inapanda taratibu kama uji unaoanza kuchemka. Naipenda saa hii kuliko zote.

Masikio — ndivyo tunavyoviita vifaa vyetu. Yamo kwenye vibanda vya kebo, huko misituni na maziwani, yakisikiliza intaneti inavyopita: ni nyingi kiasi gani, inatoka wapi, inakwenda wapi. Hatufungui barua ya mtu. Tunahesabu bahasha tu. Na mimi nayaongoza yote kwa kuandika, bila kunyanyuka kitini. Mama hunihurumia. Eti, Taimi mwanangu, siku nzima unakodolea ukuta mweusi! Laiti angejua ninayoyaona humo.

Na leo pia, katikati ya mto wote huo, punje moja ndogo: hodi ya Oiva.

Oiva ndiye aliyenifundisha kazi hii. Amestaafu, anaishi peke yake kwenye rasi ya Ziwa Kuoksa, akitazamana na kisiwa chenye kibanda chetu. Kompyuta ya nyumbani kwake hubisha hodi kwenye sikio la kisiwani kila dakika, mchana na usiku. Sikio huitikia "karibu". Lisipoitikia, kengele hulia jikoni kwake — kengele ya kweli, ya shingo ya mnyama, aliyoifungia mota ndogo. Nani kamtuma? Hakuna. Anasema mtu halali vizuri kama hajui jirani yake anaendeleaje.

Hatupigiani simu. Sisi Wafini na simu ni paka na maji. Hodi inapita, najua yu hai. Inatosha.

Alhamisi, 27 Aprili

Kikao. Ilpo, bosi wetu, ni mtu mwema ila anapenda usafi kupita kiasi. Kaja na kanuni mpya thelathini za masikio yote. Ati hodi ndogo ndogo zinajaza diski bure, zikataliwe.

Nikauliza, zote?

"Zote, Taimi! Hata za bibi yako."

Wakacheka. Mimi nikaangalia kijiko changu. Sikio la Kuoksa likikataa hodi, Oiva atatoweka kwangu. Sitamwona tena asubuhi. Inaniuma kuliko nilivyotarajia — mtu mzima nalilia punje!

Kwenye taa ya meza yangu inaning'inia misumari ya Oiva. Miwili, yenye vipini vya mbao, imeunganishwa kwa kamba. Ndiyo ile ambayo kila mtembea barafuni huivaa shingoni: ukizama unaichoma kwenye barafu na kujivuta nje. Na ndiyo iliyoipa jina desturi yetu ya kazi. Kabla ya kugusa kanuni za mashine iliyo mbali, kwanza unaiambia: baada ya dakika kumi jizime, uwake upya, usahau yote niliyobadilisha, isipokuwa nikikuambia acha. Ukijifungia nje kwa kosa lako, unasubiri tu. Mlango unafunguka wenyewe. Ofisini tunaulizana, "Umevaa misumari?" Imekuwa kama salamu.

Siku yake ya mwisho kazini, Oiva aliivua hii yake shingoni akaitundika hapa. "Sasa wewe ndiye wa kuzama," akasema. "Mimi nimeshakauka."

Jumatatu, 1 Mei

Vappu, sikukuu yetu ya Mei Mosi. Wanafunzi na kofia zao nyeupe mitaani, wanaimba, wanatetemeka. Mvua ya theluji! Mama kapika maandazi, na sima yake, kile kinywaji cha ndimu na sukari, ni tamu mpaka meno yanalia.

Nimemwandikia Oiva barua pepe: barafu ikoje? Kajibu mstari mmoja, kama kawaida yake: "Haibebi mtu, haipitishi mashua. Raha tupu."

Kelirikko. Majira ambayo ziwa si njia wala si maji. Wenye nyumba za ng'ambo hukaa tu, wanakula walivyoweka, wanangoja. Nikiwa mdogo niliyapenda sana. Hakuna anayeweza kukujia, hakuna wa kukutuma. Dunia imefunga mlango kwa upole.

Jumatano, 3 Mei

Nimeota niko kibandani Kuoksa. Sikio lipo ukutani, linapumua. Hodi ya Oiva inaingia kwa dirisha, inatua begani kwangu, nyepesi, haina rangi. Nikaamka na bega lenye joto.

Nilikwenda huko mara moja tu, naye, kiangazi. Alinionyesha kila waya. Na ule mlio! Sikio likipotezana na sisi wa mjini hulia mlio mwembamba wa kuudhi, kama mbu. Alilifunga hivyo yeye mwenyewe. Nikamuuliza, nani atausikia hapa kisiwani, samaki? Akaudhika kweli. "Mgonjwa analia hata kama hakuna mtu." Mke wake, marehemu, alikuwa akisimulia walivyokaa na keki ya Oiva ya miaka sitini hadi mishumaa ikaisha, kwa sababu bwana yuko kibandani na sikio moja bovu. Hakuondoka mpaka likapona. Ndivyo alivyo.

Nimeanza na masikio ya kusini. Kanuni zinaingia vizuri.

Ijumaa, 5 Mei

Nimejipa moyo, nimemwomba Ilpo: tuache hodi moja tu, ya Oiva.

"Oiva? Yule mzee bado anabisha?" Akacheka mpaka akafuta miwani. "Mwambie aje abishe mlangoni kama watu, tumpe kahawa!"

Hakusema hapana, lakini. Basi nitaongeza mstari wangu mdogo: kataa hodi zote, ila ya Oiva ipite. Nani atajua? Mstari mmoja kati ya thelathini.

Nimefurahi mpaka nimepita kituo changu cha basi.

Jumanne, 9 Mei

Jua haliishi siku hizi. Nimefanya masikio saba leo, dirisha baada ya dirisha. Kuna wakati sijui tena niko kijiji gani. Mikono inaandika, mimi niko kwingine. Naona mabomba ya mwanga chini ya misitu, na kila nyumba imeshika ncha moja. Kesho kijiji cha Kanisani na Kuoksa, basi.

Jumatano, 10 Mei

Nimeharibu. Nimeharibu!

Niandike polepole nielewe.

Asubuhi nilikuwa na madirisha mawili. Kushoto sikio la Kanisani. Kulia la Kuoksa. Nje ukungu umelala juu ya mto, na mimi nautazama, nawaza vile Oiva atakavyoendelea kubisha hodi bila kujua kuwa niliipigania. Nikaandika amri ya misumari. Ikakubaliwa. Nikahamia kulia, nikaandika kanuni za Kuoksa, na mstari wangu ndani yake. Nikabonyeza Enta.

Kimya. Dirisha limeganda.

Nikaona kosa papo hapo. Mstari wa kukataa nimeuweka juu ya mistari ya kuruhusu, na nimeuandika mpana mno. Mashine husoma kutoka juu, ikipata jibu haiendelei. Ni kama bawabu aliyeambiwa asiingie mtu, akaondoka kabla ya kusikia "ila". Kwa hiyo sikio la Kuoksa halimpokei yeyote. Si mimi, si Oiva. Nimekata tawi nililokalia.

Nikacheka hata. Nimevaa misumari! Nikaenda kuchukua kahawa, dakika kumi si kitu.

Niliporudi, lililozima na kuwaka upya ni dirisha la kushoto. Sikio la Kanisani, zima kabisa, linaamka kama mtoto asiye na kosa. Misumari nilimvika huyo. La Kuoksa nililipeleka ziwani shingo tupu.

Ilpo hakugomba. Aliuliza tu kama watu wa kule wanapata intaneti.

Wanapata, nikasema. Sikio husikiliza tu, halizuii kitu.

"Basi msiba uko wapi? Maji yakimwagika hayazoleki. Barafu ikiisha tutakwenda na mashua, tuchomeke kebo kwa mkono. Kanywe kahawa."

Nimeshakunywa. Ndipo nikaikumbuka kengele.

Jikoni kwa Oiva, sasa hivi, inalia. Imelia tangu nilipobonyeza.

Jumatano, baadaye

Simu yake imezimwa. Huiweka kwenye droo ya cherehani ya marehemu mkewe, huitoa Krismasi. Nimetuma barua pepe tatu. NI KOSA LANGU, SIKIO ZIMA, USIENDE. Kompyuta yake haipokei hodi ya mtu wa nje, ameifunga kwa mkono wake. Kidirisha pekee nilichokuwa nacho cha kuona nyumba ile ni ile punje, na nimekiziba mwenyewe.

Nimempigia Hilkka, mwenye duka ng'ambo ya ziwa. Ana darubini. Anasema ni ya kutazama bata.

"Eeh, nimemwona! Anasukuma kimashua chake juu ya barafu, kakishika ukingoni. Nikasema huyu mzee karukwa na akili leo!"

Nikamuuliza, ana misumari shingoni?

"We Taimi! Darubini ya bata hii, si ya kukagulia shingo za wanaume!" Halafu, kwa sauti nyingine: "Kwani kuna nini?"

Nimewapigia watu wa uokoaji. Mama mmoja mtulivu sana. Kile chombo chao cha feni kubwa, kinachoteleza juu ya barafu na maji, kiko upande wa pili wa wilaya. Kinakuja. Saa moja, labda na zaidi. Mwambieni abaki alipo, akasema. Nimemwambia sina njia ya kumwambia.

Misumari yake inaning'inia mbele ya pua yangu. Pengine alinunua mingine. Mtu wa ziwani hakosi kununua mingine! Naogopa.

Jumatano, tena

Limeamka!

Taa ya Kuoksa kwenye skrini ilikuwa nyekundu, imekuwa kijani, hivi hivi tu, kama mtu aliyefungua macho. Kanuni yangu imeondolewa. Haiwezi kuondoka yenyewe. Kuna mkono, na kuna kebo, kibandani.

Nikaingia. Nikaandika amri ya kuuliza nani yupo ndani. Mashine ikanipa majina mawili, moja chini ya jingine.

taimi
oiva

Nimelia mezani, Ilpo kasimama nyuma yangu hajui aweke mikono wapi. Jina lile lilitakiwa lifutwe alipostaafu. Asante Mungu kwa uvivu wangu.

Kuna amri ya zamani inayopeleka maneno kwenye skrini ya mwenzako. Kabla sijaiandika, yeye ameshaandika:

"Nani kasahau misumari?"

"Mimi. Nilimvika wa Kanisani."

"Hahaha. Kanisa halizami."

Nikacheka na kamasi puani. Ukungu wote wa siku ukawa wa dhahabu ghafla. Yuko pale, amekaa kwenye kile kigoda kibovu, anaandika kwa vidole viwili. Ningetamani tubaki hivyo hivyo. Miaka yote hii tumebishiana hodi tu, leo ndiyo "karibu" ya kwanza.

"Mashua iko wapi?" nikauliza.

"Imebaki njiani. Ufa ulifunguka. Nikaruka upande wa kisiwa, yenyewe ikaenda zake."

"Watu wa uokoaji wanakuja. Kaa hapo hapo."

"Wa nini? Nimefika, nimetengeneza, narudi. Upande wa kaskazini barafu ni nene. Sauna nimeiwasha kabla sijatoka."

"Oiva, nakuomba. Subiri."

"Kusubiri ni ugonjwa wa mjini. Kunywa kahawa, Taimi."

Nimeandika tena. Nimeandika mara nyingi. Hajibu. Jina lake bado lipo, lakini mashine inaonyesha pia ni muda gani tangu mtu aguse vitufe, na muda huo unakua. Anavaa viatu. Au amekwisha vaa.

Ilpo anasema, mwambie ni amri ya bosi. Oiva aliacha keki ya sitini mezani, atatii bosi? Nimemwomba kwa jina lake na hakutii.

Namjua. Kuna kitu kimoja tu duniani kinachomshika mtu yule akae: sikio bovu.

Nimefungua zile kanuni thelathini za Ilpo, ambazo Oiva hajazizoea. Nimeuchukua ule mstari wangu mbovu, mpana vile vile, nimeusukuma katikati yao, mbali na pale alipoukuta mara ya kwanza. Atautafuta. Atatukana ukoo wangu wote. Atakaa kwenye kigoda mpaka aupate. Kama yumo ndani bado. Kama mlio wa mbu atausikia.

Ilpo akaniuliza, kwa mazoea tu, maskini: "Umevaa misumari?"

Sijavaa. Safari hii kwa kusudi. Nimebonyeza Enta.

Dirisha limeganda. Majina mawili yamebaki yameandikwa pale, lakini ni picha tu, hayana uhai tena. Sioni kitu sasa. Nimejitoa macho kwa mkono wangu mara mbili siku moja.

Simu iko wazi mezani, Hilkka yuko upande wa pili, kasimama nje ya duka lake. Anasema ukungu umeshuka ziwani, haoni kisiwa, haoni barafu. Feni bado haijasikika. Anasikia maji yakidondoka tu, na sasa hivi, kwa mbali, mlango wa kibanda umegonga. Nikamuuliza, umefunguliwa au umefungwa? Hajui. Mlango ni mlango, anasema, Taimi wangu, unagonga.

Nimemwambia aendelee kusikiliza.